Malalamiko Kuhusu Madiwani Waliohamia Sebuleni Kwangu

Kwa Mkurugenzi,
Televisheni ya Umma ya Jiji na Vitongoji Vyake.

Pole na kazi, na samahani kwa kukuongezea nyingine. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sebuleni, mkabala na televisheni, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Naomba kwa heshima mwache kurusha vikao vya madiwani moja kwa moja. Sababu zangu ni hizi:

1. Mume wangu alistaafu kazi ya ghala mwaka jana. Vituo vingine vya mjini vinalipiwa, chenu ni cha bure, basi akawa wenu. Mwanzo nilifurahi, maana mume akitulia kwenye kiti, mke anashona. Kumbe mwenzangu alikuwa darasani. Asubuhi moja binti yetu alimwomba amsogezee sukari. Akamjibu, bila hata kutabasamu, "Hoja imetolewa. Nani anaiunga mkono?" Chai ikapoa.

2. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, kaambukizwa. Zamani akiudhika alininunia kimyakimya kama wakwe wengine. Siku hizi anasimama, anatangaza kwamba upinzani unatoka nje ya ukumbi, anakwenda kukaa barazani na mto wake. Kumrudisha ndani ni mpaka nimwite Mheshimiwa.

3. Paa la chumba cha mama mkwe linavuja. Nilimwambia mume wangu, "Baba, panda ngazi uzibe." Akaunda kamati ndogo. Mwenyekiti ni yeye, wajumbe ni yeye na mama yake. Kamati ilikwenda kukagua tundu, ikasikitishwa sana na hali iliyoikuta, ikaagiza beseni. Likijaa, anayemwaga ni mimi, ambaye hata si mjumbe.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumamosi walikuja wajomba wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu. Watu wazima, wamevaa suti, wametoka mbali. Mjomba mkubwa alipofungua kinywa tu, "Tumekuja kuomba..." mume wangu akagonga meza kwa mwiko wangu: "Utaratibu! Wageni hawaruhusiwi kuchangia!" Akawapeleka kwenye benchi la ukutani, wasikilize. Kisha akawatazama ndugu zetu waliofika, akaona akidi haijatimia, akaahirisha ndoa ya mtoto wangu mpaka tarehe itakayotangazwa. Mama mkwe akapinga, akatoka nje na mto wake. Wajomba wakadhani hiyo ndiyo adabu ya nyumba hii, wakanyanyuka wakamfuata. Hawajarudi.

Binti kajifungia chumbani. Nilipombembeleza mlangoni alilia, "Mama, waambie hao watu wa televisheni!"

Basi nawaambia. Kama kufunga matangazo hayo hamuwezi, leteni kamera mrushe sebule yangu, jiji zima lione. Na kama hilo nalo gumu, niazimeni Meya kwa wiki moja. Mume wangu anamsikiliza yeye tu. Amwamuru apande paa, kisha aende akawaombe radhi wale wajomba, na mwiko wangu urudi jikoni.

Nisalimieni msoma habari, wapiga picha, walinzi wa getini, na yule bwana anayesahau kila siku kuzima kipaza sauti akipiga miayo.

Wenu mtazamaji wa kulazimishwa,
Fundi wa Nguo, mama wa bibi harusi aliyeahirishwa.

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua hii, matangazo yenu yalikatika. Mume wangu alikaa akitazama kioo cheusi, akaguna, akapanda paa, akaziba. Kesho yake akawafuata wajomba, wakacheka, wakakubaliana, ndoa ni mwezi ujao. Sasa hana kazi nyingine. Amevuta kiti kando yangu, ameshika futi ya kupimia, na anamwambia kwa sauti kila mteja anayeingia amenenepa wapi. Wawili wameondoka na vitambaa vyao. Wa tatu anabisha hodi. Ndugu Mkurugenzi, rudisheni madiwani leo hii, hata kama ni marudio.