Bangili Iliyowekwa Arobaini

Lenox wa Timbwani alisoma biolojia mpaka sura ya seli, akafukuzwa shule. Sura hiyo moja imemlisha miaka kumi. Wako wasomi waliomaliza kitabu kizima na bado wanashinda njaa.

Asubuhi hiyo aliegesha pikipiki yake, mali yake pekee duniani, mbele ya kibanda cha Bi Mwanatabu muuza mahamri. Bibi akanyoosha mkono kumpa chai, na mkononi mna bangili ya dhahabu, nene kama kidole gumba. Lenox akasahau njaa.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo bangili mbona iko peke yake? Hujaizalisha tu?"

"Toba! Bangili huzaa?"

"Kila kitu ni seli, mama! Seli ina utando, ina kiini. Ikipata joto na sukari hujigawa, moja huwa mbili. Kwani unga wako huumukaje? Hamira ni kiumbe hai, inakula, inapumua, inazaana. Dhahabu ni hivyo hivyo, ila ina uvivu, yataka kuchochewa."

Uongo mtamu huungwa kwa ukweli mwingi, na huu ulikolea. Bi Mwanatabu akavua bangili. Lenox akaitumbukiza katika gudulia la maji vuguvugu, sukari na hamira. Punde povu likapanda. Mfukoni mwake bangili ya shaba ilingoja zamu. Angekoroga mara moja tu, ile ya dhahabu ingekuwa imeshavuka feri.

Bi Mwanatabu akalinyakua gudulia, akalifunika kanga.

"Mzazi hakorogwi! Huyu uchungu umeshika. Anaingia ndani, hatoki wala haonwi na mwanamume hadi arobaini itimie."

"Lakini mama..."

"Na baba ni wewe, umemzalisha mbele za watu. Lete kuku, asali na pilipili manga. Mzazi halali njaa nyumbani kwangu."

Angetoroka vipi, na dhahabu imo ndani? Akaleta kuku. Kesho yake akaambiwa mzazi kamkataa kuku wa gredi, ataka wa kienyeji. Wiki ya pili akataka maziwa ya mbuzi. Nyumba nzima ya Bi Mwanatabu ikanawiri mashavu, na kila Lenox akibisha hujibiwa kwamba mzazi hajambo, ila kakonda kidogo. Maskini akauza pikipiki. Akawa anakuja kwa miguu, kuku kwapani, akiyalaani masomo ya sayansi.

Siku ya arobaini udi ukafukizwa, gudulia likatolewa. Ndani mna bangili mbili, zinameremeta.

Lenox akalikumbatia gudulia. Uongo alioutunga kwa ulimi wake mwenyewe aliuamini wote, machozi yakamtoka. Kumbe miaka yote hii alikuwa mwanasayansi!

"Chukua mtoto," Bi Mwanatabu akamwambia. "Mimi nitabaki na mama."

Alikwenda mbio hadi kwa sonara. Sonara akaisugua mara moja tu, akacheka mpaka akashika mbavu.

Lenox akarudi akihema, jasho likimtiririka.

"Bi Mwanatabu!"

"Abee."

"Hii ni shaba!"

Bibi akaipokea, akaigeuza huku na huku, akashusha pumzi kwa masikitiko ya kweli kabisa.

"Ndiyo maumbile hayo, mwanangu. Mamake ni dhahabu tupu. Mtoto kafuata upande wa baba."