Damu ya Mzee kwenye TV ya Flati

Jumanne, 12 Agosti. Maili Moja.
Posa yangu kwa Tunu itajibiwa Jumapili. Ameeleza hivyo mshenga wangu, Mwinshehe, aliyerudi leo kutoka Kisarawe. Alikaribishwa kuku huko na hakuniletea hata shingo. Baba wa binti hana neno. Neno analo shangazi mtu, Bi Zubeda, ambaye kwa sasa hana nafasi ya kufikiria wachumba. Ana kesi.

Kesi yenyewe: kwenye harusi ya Zaidi, kaka yake Tunu, wanawake wa ukoo walivaa sare ya rangi ya damu ya mzee. Kitambaa alikinunua Bi Zubeda. Kimefuliwa mara moja, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wifi yake, Mama Dotto, anatangaza sokoni na misibani kwamba hakikuwa damu ya mzee tangu dukani. Shahidi aliyebaki ni video ya harusi.

Na video niliipiga mimi! Nimeshaoa.

Jumatano, 13 Agosti.
Nimechomeka laptop kwenye TV yangu kuukuu ya chogo, nikaitazama video. Sare imepauka, kama vile nayo ilifuliwa. Kwa picha hii sipewi mke. Nimefungua setingi za programu ya kuchezea video kwenye laptop. Mwangaza chini. Rangi juu. Kontrasti juu hadi mwisho. Mwisho usingewekwa kama haukutakiwa utumike. Picha ilikuwa inaacha ukanda mweusi juu na chini, nikaibana mbavu mpaka ikajaa kioo. Sasa ni damu ya mzee kweli, na mzee mwenyewe ana afya. Nimehifadhi.

Hamza wa duka la simu, binamu yake Tunu na mjuzi wa kila kitu, amepita akachungulia. Akasema TV yangu ni mgonjwa: nampima mgonjwa, halafu dawa nampelekea mzima. Kila kioo kina setingi zake, akasema. Nikamuuliza posa yake yeye inajibiwa lini.

Ijumaa, 15 Agosti.
Tunu ameandika ujumbe. Anauliza kama nimeijaribu picha kwenye TV nyingine. Nimemjibu kwamba mapenzi ni kuaminiana.

Jumamosi, 16 Agosti. Kisarawe.
Sebule imejaa. Wanawake wa ukoo mkekani, Bi Zubeda kwenye kochi. TV ya flati, pana kuliko meza yake. Nikawaamkia, nikachomeka waya, nikabonyeza.

Giza. Katikati ya giza, meno ya bwana harusi. Kisha wakaingia wanawake wa ukoo, weusi tii kuanzia kilemba hadi pindo, wembamba kama mabua. Mama Dotto akatoa pole. Hakujua kuwa siku ile kulikuwa na msiba. Akamgeukia Bi Zubeda: “Wifi, kumbe ulikuwa unaumwa? Mbona hukutuambia?” Bi Zubeda, ambaye mlango wa mbele huupita kwa ubavu, aliniangalia mimi.

Nikaeleza kwamba tatizo ni TV. Nikachukua rimoti, nikapandisha mwangaza. Sare ikawa kijivu. Nikapandisha rangi. Sare ikawa chungwa, na shehe aliyefungisha ndoa akawa chungwa pia. Mama Dotto akasema kitambaa cha wifi yake kina vipaji, kinyonga akae pembeni.

Hamza akainuka bila kuombwa. Akairudisha TV ilivyokuwa, kisha kwenye laptop akabonyeza mahali pamoja tu: rudisha kama mwanzo. Damu ya mzee! Imeiva, imetulia, na kila mtu amerudishiwa unene wake. Bi Zubeda akasimama. Vigelegele. Mama Dotto akatazama dari.

Tunu akanipa ishara nikae. Lakini video ile aliipiga nani? Hamza? Nikaona inaweza kuiva zaidi kidogo. Nikagusa kontrasti kwenye laptop.

Msiba ukarudi.

Mama Dotto akaruka: hiyo ya katikati ndiyo iliyochezewa! Hamza kaipaka rangi wote wakiona! Nusu ya mkeka ikamwamini. Bi Zubeda akakaa taratibu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, “Mwanangu Saburi, nimekukosea nini?”

Jumapili, 17 Agosti. Maili Moja.
Mwinshehe ameleta jibu. Posa haijakataliwa. Imeahirishwa hadi Jumamosi, tarehe 23, saa kumi jioni, kwenye ukumbi Kisarawe. Projekta imeshakodiwa, ukoo mzima utakuwepo pamoja na majirani. Laptop ataendesha Hamza. Mimi nikae kwenye kiti, mikono mapajani. Rangi ikitoka sawa, nimepewa Tunu. Mwinshehe anasema tangu aanze ushenga hajaona mtihani rahisi kama huu: kukaa.

Ni rahisi kweli, ndiyo maana siwezi kumwachia Hamza. Projekta hupausha picha, kila mtu anajua. Sina projekta, lakini nimeitoa simu yangu nje nikaiweka juani, nayo ikapausha vilevile. Vipimo nimevipata hapo. Safari hii sikuviacha kwenye setingi. Nimevichoma ndani ya video yenyewe, ili kitufe cha Hamza kisiwe na cha kurudisha.

Nakala ya mwanzo nimeifuta. Ingetuchanganya.

Nasubiri Jumamosi, saa kumi.