Siku Minofu Ilipokosa Uti wa Mgongo

Leo mwenzenu nimeaibishwa na sato. Samaki! Tena aliyekufa.

Mnajua huu ni mwaka wa pili nashikia vipindi vya walimu walio kwenye likizo ya uzazi. (Mama akirudi, mimi nje.) Leo shule moja ya Kibagabaga iliniita nikafundishe somo la majaribio. Ukipendeza, unapewa kazi ya kudumu. Mada: kodata, lile kundi kubwa la wanyama tulimo sisi, samaki, vyura na kuku.

Nikasema sitachora tu ubaoni. Nitapasua samaki mbele yao, uti wa mgongo waushike kwa mikono. Asubuhi nikapita Nyakabanda kwa Mama Divine, Mrundi anayeniuzia samaki tangu nihamie kutoka Mwanza.

"Nisafishie vizuri, mama. Saa nne nina wageni wazito."

"Iko wageni ya kazi?"

"Ya kazi kabisa. Uniombee."

"Yego, mwarimu. Kaa hapo, nitakutengenezea ya heshima."

Nikakaa nje nikikariri somo langu. Akanipa mfuko wa kaki uliofungwa vizuri. Sikuufungua. (Nani anamkagua Mama Divine?) Nikapanda pikipiki, huyo Kibagabaga.

Darasani wanafunzi arobaini, na nyuma kabisa Madamu Diregiteri, mkuu wa shule, kalamu mkononi. Nikaanza vizuri mno! Kila kodata, walau wakati fulani wa maisha yake, ana notokodi, yaani ufito laini unaoshikilia mgongo. Juu yake inapita neva kuu yenye uwazi ndani. Ana mianya kooni. Ana pia mkia unaozidi nyuma ya tundu la haja.

"Hata sisi?"

"Hata sisi, tulipokuwa tumboni mwa mama."

Darasa zima likajipapasa nyuma. Hata Madamu. (Niliona.)

Nikanogewa. "Na sasa, uti wa mgongo huu hapa!" Nikafungua kaki kwa mbwembwe.

Minofu. Minofu mitupu, myeupe, iliyokatwa kwa upendo. Hakuna kichwa, hakuna mkia, hakuna mwiba. Mama Divine alikuwa amewaheshimu wageni wangu mpaka mfupa wa mwisho.

Nikaigeuza upande wa pili. (Sijui nilitegemea nini.) Binti wa mbele, Ange, akanyoosha mkono. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini aibu ilipoingia wote tulihamia Kiswahili.

"Mwarimu, uti wa mgongo iko wapi?"

"Uko... ulikuwa..."

"Basi hii si kodata?"

Darasa likaangua kicheko. Madamu akaandika kitu. Nikajiona nasubiri tena mwalimu mwingine ajifungue.

Lakini jamani, swali lile lilikuwa zuri! Nikalidaka.

"Ange, kuna mnyama wa baharini anaitwa tunikati. Akiwa mchanga anaogelea, ana notokodi na mkia. Akikua anajibandika kwenye mwamba, vyote vinapotea, anabaki kama kimfuko. Tumfukuze kwenye kodata?"

"Hapana! Alikuwa nayo!"

"Yupo pia amfioksi, kijinyama kingine cha baharini. Notokodi anayo maisha yote, uti wa mgongo hajawahi kuupata. Kwa hiyo wenye uti wa mgongo ni kundi moja tu ndani ya kodata."

Ange akaitazama minofu yangu kwa huruma.

"Basi na hii alikuwa nayo. Asubuhi."

Madamu alicheka mpaka akavua miwani. Kipindi kilipoisha akaniita pembeni.

"Swali la uti wa mgongo, ulilipanga?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Hapana, Madamu. Lilipangwa na muuza samaki."

"Jumatatu njoo na vyeti vyako. Unaanza."

Nilifurahi hadi machozi, sitaficha. Natoka getini, dirisha zima likapaza sauti: "Mwarimu Minofu, kwaheri!"

Kazi ni ya kudumu. Naona na jina nalo ni la kudumu, kwa hiyo naomba ninyi, angalau ninyi, msicheke.