Jinsi Mwalimu Jérémie Alivyoliamsha Sikio la Mlima

Zimeni redio zenu, enyi watu wa Baraka! Tueni vikapu vyenu, ninyi mnaoshuka kutoka milima ya Fizi, nanyi wenye maboti fungeni kamba mje mketi, maana habari hii haisikilizwi huku mtu akichambua majani ya sombe. Ni habari ya Jérémie, mwalimu wa fizikia, mwenye tumbo pana na sauti pana zaidi, mpenda redio asiyechoka, na ya siku aliyopanda mlimani kupigana na ukimya kwa kidole kimoja.

Juu ya kilima kinachotazama ziwa, Jérémie na wenzake wa kundi la redio walikuwa wamesimamisha mlingoti wa chuma, wakafunga juu yake antena, wakaweka chini yake paneli ya jua na sanduku la plastiki lenye mtambo mdogo ndani. Wakauita mtambo huo Sikio la Mlima. Kila boti iliyokubali ilibeba kijisanduku kinachotangaza kwa redio mahali ilipo. Sikio likasikia, likazipeleka habari kwenye simu, na mtu aliyeketi zake Baraka akaona nukta ikitambaa juu ya ramani ya ziwa kama siafu juu ya meza.

Hata asubuhi moja, baada ya upepo kuvuma ziwani usiku kucha, nukta zote zikazimika.

Ndipo alipotokea Zainabu mwenye maboti mawili, mfanyabiashara ambaye hata wapakizi wa bandarini humwamkia kabla hajakohoa. Mumewe Useni alikuwa njiani na shehena ya unga kutoka Kalemie. Zainabu alisimama mlangoni pa Jérémie, akakataa kiti.

"Mwalimu," akanena, "ulikuya kwangu na maneno mingi. Ulisema, Mama Zainabu, utaona bwana yako sawa vile unaona muntu mu kioo. Sasa naangalia simu, naona mayi ya ziwa tu. Kama ile kitu yako imekufa, leo natoa visanduku vyako mu maboti yangu yote, na benye maboti bengine batanifuata. Unanisikia?"

Sauti yake ilikuwa kavu kama samaki wa jana. Lakini Jérémie aliona kwamba kitambaa chake cha kichwa kimefungwa ndani nje, yeye ambaye hajapata kuonekana na mkunjo mmoja usio mahali pake, na moyo wa mwalimu ukashuka hadi kwenye viatu.

"Mama," akajibu, akiinuka kwa kishindo kilichotikisa vikombe, "mbele ya jua kufika katikati ya mbingu, mi nitakuwa nimesimama pale juu, na ile Sikio itasikia!"

"Tutasimama wote," akasema Zainabu. "Tangulia."

Wakaukwea mlima. Mara ya kwanza shujaa aliposimama, alisema anatazama uzuri wa ziwa. Mara ya pili alisema anapima upepo. Mara ya tatu hakusema kitu, kwa kuwa pumzi za kusemea zilikuwa zimebaki bondeni; na Zainabu, aliyekuwa mbele sasa, hakugeuka nyuma.

Walipofika kileleni, lahaula! Paneli haikuonekana. Juu yake, kutoka pembe hadi pembe, palilala jeshi jeupe la mihogo iliyomenywa, likiota jua kwa raha zote. Na kando yake, jembe magotini, aliketi Marthe, mwenye shamba.

"Mama Marthe!" akanguruma Jérémie. "Ile si meza! Ile ni kinywa! Inakula jua, inalisha betri, na betri inalisha Sikio. Umeziba kinywa na muhogo!"

Marthe akainuka taratibu kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi.

"Mwalimu, shamba hii ililimwa na babu yangu. Mulikuya, mukaomba nafasi ya nguzo. Ya nguzo, nilitoa. Kisha mukaleta meza ya kioo, safi, yenye moto, mbuzi haiwezi kupanda, mukaiweka pale jua yote ya shamba inapitia. Muntu gani mwenye akili anaacha meza kama hiyo bila mihogo? Na kama ni kinywa vile unasema, basi inakula jua yangu bila kushika jembe!"

Jérémie akavuta pumzi kwa ajili ya hotuba ya pili, ndefu kuliko ya kwanza. Zainabu akamwekea mkono begani.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "bwana yangu iko mu ziwa. Tangu asubuhi sijui kama iko muzima."

Marthe alimtazama. Akatua jembe, akamsogelea, akamfungua kile kitambaa, akakigeuza, akamfunga upya vizuri. Kisha akamgeukia Jérémie.

"We Mwalimu! Hiyo ndiyo maneno ya kuanza nayo. Unaniletea hotuba ya kinywa!"

Akaikusanya mihogo yote ndani ya kitenge chake, na kwa ncha ya kitenge hicho hicho akaifuta paneli hadi ikang'aa. Wakaketi, jua likalisha betri. Lakini mtambo ule ukishalala kwa njaa hauamki wenyewe. Sharti mkono wa mtu ubonyeze kitufe kilicho ndani ya sanduku. Jérémie akafungua kifuniko kidogo tu, akakifunga upesi.

Nyigu! Walikuwa wamejijengea mji mzima ndani, na askari wao wakatoka kuuliza ni nani.

Historia inapenda kusema kwamba shujaa hakutetemeka. Shujaa alitetemeka. Alikuwa tayari anaifikiria nyumba yake, na mwiko mrefu wa mkewe Gentille, wa kubonyezea kwa mbali, na safari nzuri ya kwenda kuuleta. Ila aliona vidole vya Zainabu vikiminya simu isiyo na nukta. Marthe akawasha majani mabichi, moshi ukatanda, na Jérémie, akiwa amefumba macho, akatumbukiza mkono katika ngome ya adui, akapapasa, akakosa, akapapasa tena. Akabonyeza!

Jemadari wa nyigu akamdunga mdomo wa juu. Taa ya kijani ikawaka.

Zainabu akainamia simu. Ziwa tupu. Ziwa tupu. Kisha nukta moja, imetulia, nyuma ya rasi ya Ubwari. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Iko muzima," akasema. Akasogeza simu karibu na jicho. "Amejificha upepo, vizuri. Lakini hapa ni kwa dada yake! Anakula samaki mikeke ya kukaanga, na mi huku nakufa!"

Akina mama wa mashamba ya jirani walikuwa wamekimbilia moshi. Wakamtaka mshindi anene. Jérémie akanyoosha mkono, akajaza kifua, na mdomo uliokuwa umevimba kama andazi ukatoa neno moja: "Mbwuuf."

Basi Marthe akanena badala yake.

"Bamama, sikieni! Huyu muntu ametia mukono mu nyumba ya nyigu, na mi niliona. Tangu leo muntu asianike kitu pale juu. Na yeye ataniletea bati ya kuanikia mihogo yangu, kubwa kushinda ile kinywa!"

"Bati iko kwangu," akasema Zainabu. "Utaipata."

Vigelegele vikashuka mlimani hadi Baraka. Na kwenye mashamba yale, mtu akiulizwa mtoto wake alizaliwa lini, hataji tarehe. Husema ni kabla ya Mwalimu kubonyeza, au baada yake.