Dharura kwa Kura

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Eldoret, Moiben, Sugoi na viunga vyake kwamba tangu Januari mwaka wa sitini na nane, dharura katika hospitali yetu huendeshwa kwa haki, nidhamu na kura. Aliyeanzisha utaratibu huo ni mimi, Kapteni Daktari Stephen Kipyego, mkuu wa Kitengo cha Dharura, zamani wa jeshi. Jeshini nilitibu malengelenge ya miguu kwa miaka tisa na sikupoteza mguu hata mmoja.

Wazo la kura nililitoa kwenye ununuzi wa mashamba. Chama chetu kilinunua shamba la mzungu mmoja kule Moiben aliyekuwa akirudi kwao, na sisi wanachama tukaligawana kwa kuokota karatasi kwenye kofia. Wengine waliokota mawe, wengine bwawa la matope. Mimi niliokota namba moja: nyumba, kisima na miti ya matunda. Papo hapo nikatambua kwamba duniani hakuna njia ya haki kushinda kura.

Basi nikaweka kofia yangu ya jeshi pale mlangoni mwa hospitali. Kila mgonjwa huokota namba, hupanga mstari, hungoja. Kubadilishana namba, marufuku. Kulia kwa sauti, marufuku, ila kwa kibali. Na ili watu wajue sina upendeleo, chini ya tangazo la sheria hizo ukutani niliandika kwa mkono wangu: HATA KAMA NI MIMI.

Siku ya kwanza alikuja Mama Chepkorir, mtoto mgongoni anawaka homa. Akaokota arobaini.

"Daktari, mtoto anakufa!"

"Mama, tusitangulie matokeo," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akatoka nje mbio. Sikumwona tena siku hiyo. Kwenye ripoti niliandika: mgonjwa aliridhika.

Mwaka mzima ukapita na hakuna mtu aliyekufa kwenye mstari wangu. Hata mmoja! Wakubwa wa Nairobi waliniandikia barua ya pongezi, nikaitia kwenye fremu. Ni kweli wagonjwa wangu walikuwa wa ajabu kidogo. Huyu sikio linamwasha, yule ameota ndoto mbaya, na wote wanapiga stori na kufuma sweta. Nikajisemea, haki ya Mungu, hata ugonjwa unaogopa jeshi.

Jumamosi moja nikaenda Moiben kukagua mpaka wa shamba langu. Nilivaa sare ya gwaride na upanga wake, maana jirani akiona upanga hasogezi bikoni ya mpaka. Kulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye hakufahamishwa cheo changu. Akanikimbiza. Nikaruka seng'enge, mimi nikaenda huku, upanga ukaenda kule, tukakutana pajani.

Nilifikishwa hospitalini juu ya trekta, damu inachuruzika, paja limefungwa kwa mshipi. Mlangoni alikuwa Sista Benta, muuguzi niliyemfundisha kazi mwenyewe. Akanipigia saluti. Halafu akanisogezea kofia.

"Benta, wacha mchezo. Navuja damu!"

"Naona, Afande. Okota."

Nikaokota. Thelathini na moja.

"Nani ana namba moja?" nikauita mstari. "Tubadilishane! Nampa ndama!"

Mama Chepkorir akainua mkono kutoka kwenye benchi, sweta mapajani. "Ni mimi, Daktari. Ukucha unaniuma. Lakini si kubadilishana ni marufuku?"

"Sheria ni mimi niliiandika!"

"Na sisi tukaisoma," akasema, akanionyesha lile tangazo kwa sindano yake ya kufumia. "Hata kama ni wewe. Tena sisi thelathini tunatibiwa na nani? Daktari si ni wewe? Haya, anza na ukucha."

Watu walicheka mpaka benchi likatikisika. Mimi sikucheka. Macho yalikuwa yanaingia giza, vidole vimekuwa baridi, na kusema ukweli niliogopa, niliogopa kuliko kuruta wa siku ya kwanza.

"Mama Chepkorir," nikasema, machozi yakinitoka bila kibali, "nakufa."

Akaweka sweta chini. Akaja, akaniinamia sikioni.

"Pole sana, Daktari. Kwani hakuna mtu amekuambia mambo ya dirisha la nyuma?"

"Dirisha gani?"

Sista Benta akatazama dari.

Kumbe mji mzima ulijua, isipokuwa mkuu wa kitengo. Anayeumwa kweli hupitishwa dirisha la nyuma kwa Murunga, dresa wetu wa kufunga vidonda, mtu mpole asiye na medali hata moja. Mtoto Chepkorir alipitia huko ile siku ya kwanza, na sasa anakimbiza kuku. Wa kupasuliwa, Murunga huwapeleka hospitali ya misheni kwa lori la Mzee Abdullahi. Na mstari wa mbele? Ni watu wazima wa afya, wanashika zamu ya kujifanya wagonjwa.

"Tulionelea usikae bure, Daktari," akasema Mama Chepkorir. "Mtu mkubwa akikosa kazi huanzisha mambo."

Wagonjwa wangu wote thelathini wakanibeba, na hakuna aliyechechemea. Wakanisukuma dirishani kichwa mbele. Nikakwama kiunoni. Murunga akanivuta kwa ndani, wao wakasukuma kwa nje, na nilipofyatuka akanishona nyuzi kumi na nne bila kuniuliza namba.

"Afande," akasema huku akikata uzi, "Jumatatu kura iendelee?"

Nikaikumbuka ile barua kwenye fremu. Nikamkumbuka mtoto mgongoni, na aibu ikaniuma kuliko paja.

"Iendelee," nikasema. "Bila hiyo mtanipa kazi gani?"

Sasa Nairobi wanataka kura ya dharura ienee nchi nzima, nami nimeombwa mapendekezo. Nimeandika moja tu: kila hospitali ijengwe na dirisha la nyuma, na upana wake ufuate kiuno cha mkubwa atakayetia sahihi.