Bhabatosh Auteka Uvungu wa Kitanda

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliye na chungu jikoni akiepue kwanza, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine wamesimulia mashujaa waliopasua ngao na kuvuka mito ya damu. Mimi nasimulia vita vya mzee mmoja wa Kolkata, aliyepigana akiwa amelala chali, mfarishi hadi kidevuni na miwani puani, na adui zake wote walikuwa wa karatasi. Ewe Mola, mfungua macho ya watoto na ya wazee, wewe usiyemwambia mtu yeyote kwamba amechelewa darasani, uongoze ulimi wangu nisizidishe wala nisipunguze. Na nikizidisha kidogo, unisamehe, kwa maana nampenda mzee huyu, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba changu.

Jina lake Bhabatosh Samaddar, mstaafu wa idara ya maji, jemadari wa mfarishi, mvaa kofia ya sufu ifunikayo masikio tangu upepo wa kwanza wa baridi hadi maua ya mwembe. Kila majira ya baridi, Maonyesho ya Vitabu yalipofungua malango yake, Bhabatosh alikwenda na mifuko mitupu akarudi amepinda mgongo kama mpagazi wa stesheni. Alinunua kitabu cha samaki wa mtoni. Alinunua cha mizimu, cha upelelezi, cha kujitibu kwa vidonge vitamu, na cha njia za kupanda milima, yeye ambaye ngazi za nyumba yetu humpumzisha mara mbili. Kununua alinunua, kusoma, alisema, "Nitasoma nikistaafu." Akastaafu. Vitabu vikajaa uvungu wa kitanda, vikafurika, vikatokeza vichwa mbele ya miguu yake, na kila asubuhi alipoteremka kitandani unyayo wake ulikanyaga jalada. Na mtu wa mji ule akigusa kitabu kwa mguu, sharti akitake radhi: huinama, hukigusa kwa vidole, kisha hupeleka vidole kwenye paji la uso. Basi vitabu vya Bhabatosh vilipata heshima kila kulipokucha, na havikupata msomaji.

Ndipo baridi ilipobisha hodi, na Kanaklata mkewe, mlinzi wa kabati, mwenye kitita cha funguo kilichofungwa pembeni mwa sari na kutupwa begani kama mkia wa simba, akainama kutoa sanduku la mifarishi uvunguni. Hakuliona. Aliona ukuta wa vitabu. Akasimama, akashika kiuno, akahutubia.

"Baba Tuli! Unasikia, au masikio nayo yamestaafu? Miaka yote hii nimelala juu ya vitabu kama kuku juu ya mayai, na hakuna hata kimoja kilichoanguliwa! Basi sikiliza. Mpaka uvungu huu uwe mtupu, na kila kilichomo umekisoma mpaka neno la mwisho, hukanyagi Maonyesho. Hata siku moja. Hata langoni kunusa."

Bhabatosh, ambaye hajapata kukosa Maonyesho tangu ndevu zilipomwota, alipauka. Lakini damu ya Wasamaddar ikachemka. Akaweka mkono juu ya kitabu cha samaki akasema kwa sauti ya baraza, "Naapa kwa elimu iliyomo humu, nitaingia vitani, nami nitayakanyaga Maonyesho mwaka huu kwa haki!"

"Shemeji, umemwua!" ilijibu sauti ya Nikunja, jirani wa baraza ya ng'ambo ya kichochoro, msikiaji wa yasiyomhusu. "Usijali, Kaka Bhabatosh. Nitakuletea mfuko wangu mtupu uunuse."

Vita vikaanza. Asubuhi alipigana juu ya paa, mgongo kwenye jua, akimenya machungwa ya baridi. Jioni alipigana kitandani, bakuli la bisi za mchele ubavuni. Kitabu cha samaki kilijitetea kwa majina ya kisayansi, kikaanguka. Cha mizimu kilimlaza taa ikiwaka. Cha upelelezi kilimwonea, kwa maana mtu fulani, Mola amsamehe, alikuwa ameandika jina la muuaji kwa penseli kwenye ukurasa wa pili. Kila kilichosomwa kilipandishwa kabatini kwa shangwe, na kila Nikunja alipouliza, "Kaka, vitani vipi?" alijibiwa, "Adui anarudi nyuma!"

Maonyesho yakafunguliwa, bado alikuwa anasoma. Nikunja alipita na mifuko iliyovimba, akikohoa kwa makusudi. Siku zikaanza kuisha. Ndipo mkono wa Bhabatosh ulipofika pembe ya mwisho ya uvungu, ukutani kabisa, ukavuta riwaya nene kuliko tofali, iliyovaa vumbi kama koti. Alipolifuta jalada, alilitambua.

Hiki hakukinunua yeye. Kanaklata alimpa mwaka wao wa kwanza wa ndoa, baada ya kukisoma mwenyewe mpaka mwisho. Alimwambia, "Soma, kisha tuzungumze. Nataka kujua utasemaje juu ya Bindubala." Na siku chache baadaye alipomuuliza, Bhabatosh alijibu, "Nimeshaanza." Kanaklata hakuuliza tena. Binti yao Tuli alizaliwa, akakua, akaolewa, akahamia mji wa mbali. Kitabu kikakaa ukutani.

Alikisoma kwanza kwa aibu, kisha kwa uchu. Kilikuwa na mjane, Bindubala, mshika funguo za nyumba ya ukoo kando ya mto, na shemeji yake aliyemnyang'anya mashamba. Bhabatosh alisahau chai ikapoa. Alisahau kofia yake, na kwake hilo lilikuwa kama kusahau kichwa. Lakini mwili una usaliti wake: jioni ya kuamkia siku ya mwisho ya Maonyesho, ikiwa imebaki sura moja tu, macho yalifunga milango bila idhini.

Alipoamka, kitabu hakipo.

"Mama Tuli! Kitabu changu!"

"Kiko miguuni pa Mama," alijibu Kanaklata kutoka chumba cha sala. "Nimeona imebaki sura moja. Nikasema kipate baraka."

Ole wangu, wasikilizaji! Siku ile ilikuwa siku ya Mama Saraswati, mungu mlezi wa elimu, mwenye kinanda na batamaji mweupe. Na siku yake vitabu na kalamu hulala miguuni pa sanamu yake vikibarikiwa, wala hakuna mtu katika nyumba yote asomaye hata kibandiko cha chupa. Watoto huipenda siku hiyo kuliko sukari. Na kilicholazwa hakiinuliwi mpaka kesho yake.

"Lakini Maonyesho yanafungwa leo jioni!"

Kanaklata akatokea mlangoni, mkono mdomoni, sari yake ya manjano haijakaa vizuri begani. "Baba Tuli, nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau." Akaiweka sari sawa. "Nenda kaoge. Kuhani yuko njiani."

Nje Nikunja aliita, "Kaka, naelekea Maonyesho! Nikupelekee salamu?"

Bhabatosh alioga kwa maji baridi kama aliyehukumiwa, kisha akasimama peke yake mbele ya sanamu. Moshi wa ubani ulipanda. Kati ya maua ya manjano, pembe ya kitabu ilichungulia. Mkono wake, uliozoea ushindi, ukanyooka wenyewe. Ukafika karibu. Ukasita. Kwa maana utotoni aliwahi kusoma gazeti la mpira siku hiyohiyo, na hesabu za mwaka ule zilimwangusha, naye hajapata kuamini kwamba ni bahati mbaya tu. Akaurudisha mkono, akaviunganisha viganja.

"Mama," alinong'ona, "sikuombi kitabu. Naomba tu nisiwe nimemchelewesha mke wangu mno."

Hakujua kwamba Kanaklata alikuwa nyuma yake na sahani ya matunda. Aliitua polepole, akarudi jikoni, na baada ya kitambo akaita kwa sauti isiyo ya vita, "Njoo. Umefika wapi?"

Bhabatosh alikaa kwenye kigoda karibu na sufuria la mchele na dengu. "Usiku wa mafuriko. Shemeji anagonga lango. Bindubala yuko ndani na funguo mkononi."

"Na wewe unasemaje?"

"Asimfungulie! Yule mtu alimwacha na bakuli la kuombea!"

"Mafuriko yale, Baba Tuli? Mtu anazama!"

"Azame!"

"Siku ya leo, mbele ya Mama, unasema azame?"

"Nasema azame polepole!"

Wakagombana. Waligombana juu ya mashamba, juu ya mama mkwe, juu ya funguo. Kanaklata alicheka hadi dengu zikashika chini ya sufuria, jambo ambalo halikuwahi kutokea chini ya utawala wake. Mwisho akapangusa mikono, akamsimulia sura iliyobaki: jinsi Bindubala alivyoteremka ngazi, maji yakimfika magotini, jinsi alivyofungua lango, akampa shemeji nguo kavu na sahani ya wali, asiseme neno hata moja. Bhabatosh alilia. Na msidhani ni vitunguu, kwa maana katika chakula cha siku ile vitunguu havikatwi.

Hapo kuhani akaingia akihema, baiskeli ameiegesha ngazini, macho nyuma kama mkimbizi. Maana siku ile makuhani ni wachache na nyumba ni nyingi, na watu huwavizia njiani. Akasoma sala zake kama mvua juu ya bati. Alipomaliza, Bhabatosh akamzuia mlangoni.

"Bwana Kuhani, hukumu! Aliyesimuliwa sura ya mwisho, amesoma au hajasoma?"

Kuhani alishusha pumzi, akainua kidole. "Maneno yetu matakatifu yalisikiwa kabla hayajaandikwa. Sikio ni kaka mkubwa wa jicho. Aliyesikia kwa moyo, amesoma. Sasa nipeni ndizi zangu, kuna vijana wa mtaa wa pili wametumwa kunikamata!"

Basi tazameni! Taa zikiwaka, Bhabatosh Samaddar aliingia lango la Maonyesho, kifua mbele, na ubavuni mwake Kanaklata, aliyesema miaka yote kwamba vumbi la pale humkohoza. Nikunja alipowaona alidondosha mfuko. "Shemeji! Umemsamehe?"

"Ameshinda," alisema Kanaklata. "Sogea, unanizibia meza." Alimruhusu mumewe kitabu kimoja. Yeye mwenyewe alinunua vitatu. Kengele ya kufunga ilipolia, umati wote ulipiga makofi kuyaaga Maonyesho, na Bhabatosh aliinamisha kichwa akipokea, akiamini ni yake.

Asubuhi vitabu viliinuliwa miguuni pa Mama. Bhabatosh, kwa adabu tu, alifungua ile sura ya mwisho. Nami nikasikia, kupitia ukuta, ngurumo.

"Mama Tuli! Hakufungua! Lango halikufunguliwa! Ametupa funguo mtoni!"

"Najua."

"Umenidanganya siku takatifu!"

"Sikudanganya, nilisimulia. Tangu nilipokisoma nimekuwa nikimfungulia yule mtu lango kichwani mwangu, peke yangu. Nilitaka mtu wa kugombana naye."

Nilisikia vikombe.

"Kiapo kimevunjika!" alipiga kelele Nikunja kutoka barazani. "Alikwenda Maonyesho kabla ya neno la mwisho!"

"Kiapo nilikidai mimi, na mwongo ni mimi!" alijibu Kanaklata. "Kamshtaki kwa kuhani, ukimpata!" Kisha kwa sauti ya chini, "Kaa, Baba Tuli. Chai hiyo. Haya, niambie: kwa nini azame?"

Naye akaketi, akaeleza, akapingwa, akaeleza tena, mpaka jua likafika katikati ya dirisha. Sanduku la mifarishi lilirudi uvunguni likakuta nafasi ya kunyoosha miguu. Basi na iandikwe kwa wino usiofutika, waimbe wapiga ngoma, wajukuu wasomewe: mwaka ule, katika ghorofa yetu, Bhabatosh Samaddar alimaliza kitabu alichosema ameshaanza.