Wasiojiweza Hawapatikani Nyumbani

Mwl. Jeremia arap Tanui,
Litein.
22 Julai 1996

Kwa Bwana Bethwel Kipkosgei,
Mwenyekiti, Kikundi cha Walemavu cha Kupanda Milima na Kuvuka Mito,
Londiani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na mwanafunzi wangu wa zamani,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA KIKUNDI CHAKO

Nakuandikia nikiwa mgonjwa wa moyo, na daktari ameniambia kwa adabu nisihangaike kununua kalenda ya mwaka ujao. Mtu aliyeambiwa hivyo hana sababu ya kuendelea kuficha vitu. Nimeficha mawili. La kwanza ni hili: mimi ni kipofu. Tangu mwaka wa 1992 jicho la kulia halioni kitu, na la kushoto linatofautisha mchana na usiku tu, tena likiwa limepumzika. Aliyelijua hilo ni mke wangu Rael peke yake, na sasa, kwa sababu ya kikundi chako, tarafa nzima. La pili nitalisema nikifika mwisho wa karatasi, nguvu zikiniruhusu. Kwanza malalamiko, maana utaratibu ni utaratibu.

Barua naipiga mwenyewe kwa taipureta, kazi niliyofundishwa mwaka wa 1948 bila kutazama vidole. Ukiona herufi imepotea, ivumilie kama nilivyovumilia insha zako.

1. Watu wako hawapatikani nyumbani.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwenyekiti wa Mfuko wa Wasiojiweza wa kanisa letu. Kila Desemba tunagawa blanketi, sukari na ushauri. Desemba iliyopita tulialika mgeni wa heshima, tukasimamisha turubai, na kwaya ikajifunza wimbo wa huruma wenye beti sita. Siku ilipofika, benchi la mbele halikuwa na mtu. Tukauliza wasiojiweza wako wapi. Tukaambiwa wamevuka mto kwa kamba, wamepiga mahema ng'ambo, na hawarudi mpaka Jumanne.

Mheshimiwa, mgeni wa heshima alikuwa ameshasimama na karatasi yake. Ilibidi atafutwe mtu. Akapatikana kijana mmoja anayeitwa Robert, ambaye shida yake ilikuwa jipu la mguuni. Tulimketisha mbele, tukamwimbia beti zote sita, tukampa blanketi ishirini na mbili. Jipu likapona wiki hiyo hiyo.

Sasa nauliza: wasiojiweza wakianza kujiweza, Mfuko ufanye kazi gani? Katika kamati yangu wamo watu wazima ambao mwaka mzima hawana wema mwingine wowote ila huo wa Desemba. Watasimama na nini mbele ya Mungu? Je, kikundi chako kiliwafikiria hao?

2. Kikapu.

Kikapu cha kuchumia chai kilitengenezwa kwa ajili ya majani mawili na chipukizi lake. Fundi Obure, seremala wa hapa Litein, amekichukua, akakitoboa matundu mawili ya kupitisha miguu, akaweka ubao wa kukalia na mikanda ya kubebea mgongoni. Sasa Nyanchoka, ambaye miguu yake haijawahi kumbeba tangu utotoni, anapandishwa vilima akiwa ndani ya kikapu, wabebaji wanne wakipokezana.

Kubebwa sikupingi. Wagonjwa tumewabeba tangu zamani. Lakini desturi ni kwamba anayebebwa hunyamaza, au hulia kidogo. Nyanchoka, nimeambiwa na wachuma chai waliomwona, alipita akipiga kelele, "Wewe Okeyo, taratibu! Mimi si kabichi!" Naye Okeyo, aliyekuwa chini ya mzigo, akamjibu, "Kabichi haina mdomo, mama." Wakacheka wote. Wachuma chai nao wakacheka, na jioni upungufu wa kilo zao kwenye mzani ulionyesha hivyo.

Madhara yamefika hata nyumbani kwangu. Rael, mwenye miaka sabini na miguu miwili inayofanya kazi, ameulizia bei ya kikapu cha namna hiyo. Nilipomuuliza ni nani atakayembeba, alinipapasa mabega, kwa namna ambayo mume aliyekaa katika ndoa miaka hamsini na mmoja anaielewa vizuri.

3. Mwendo.

Sisi watu wa huku tunajulikana duniani kwa miguu. Ndiyo mali yetu, pamoja na chai. Mwezi wa Mei viti vitatu vya magurudumu, vyenye breki za baiskeli, viliteremka barabara ya changarawe kutoka mashamba makubwa, vikaipita trekta ya maziwa, kisha vikampita chifu akiwa juu ya pikipiki ya serikali. Chifu aliinua mkono kuwasimamisha. Wakadhani anawasalimu. Wakampungia.

Kwenye kona Kiplimo, aliyekuwa mbele ya wenzake wawili, akatupwa nje ya kiti chake, akaingia kwenye michai. Watu walikimbia kutoka pande zote, kila mmoja na "pole" yake tayari mdomoni. Kiplimo akainuka kwa viwiko, majani kichwani, akauliza, "Nani ameshika nafasi ya pili?" Mama mmoja akamwambia, "Lakini mtoto wangu, umeumia!" Akajibu, "Nimeumia, mama, lakini nilikuwa wa kwanza."

Mheshimiwa, pole za watu kumi na watano zilibaki mikononi mwao kama majani yaliyokataliwa na karani wa chai. Hujui mtu anavyojisikia akirudi nyumbani na pole yake.

4. Ayoo.

Mwezi wa Juni vipofu wako walipita ndani ya shamba langu bila ruhusa. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine katikati ya mistari, mgongo wa mkono ukiteleza juu ya michai, kwa kuwa michai hukatwa sawasawa kama meza na mstari wake haupindi. Kumbe miaka yote tulikuwa tumewapandia vipofu ukuta wa kushikilia, na hakuna aliyewatoza ushuru.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia, nimevaa koti na miwani, kama ninavyosimama kila asubuhi ili wapita njia waone kwamba nakagua shamba. Aliyewaongoza ni Ayoo, kipofu kama wao, mama wa kutoka kambi ya wafanyakazi wa chai. Nikamsalimu. Akasimama.

"Salama, Mzee. Na ni tangu lini?"

Nikamuuliza, tangu lini nini.

"Unanisalimu mimi, lakini uso umempa ng'ombe."

Nikamwambia hapo hapana ng'ombe.

"Yuko nyuma yangu, anatafuna kamba. Hata mimi namwona, Mzee."

Nasikitika kusema kwamba huyo ng'ombe ni wangu. Kisha Ayoo, bila kuombwa, akanishika mkono akaugeuza. Akasema nitumie mgongo wa mkono, nisitumie kiganja, kwa sababu kiganja hushika, na mtu akishashika kitu husimama. Matokeo yake ni kwamba tangu siku hiyo nimelazimika kutembea. Nimefika mtoni kwangu mara tisa, mahali ambapo sikuwa nimefika kwa miaka minne, kinyume cha amri ya daktari. Rael, aliyekuwa akinishika mkono tukijifanya tunasindikizana, sasa hana kazi hiyo, na ameanza kuimba.

Jioni ya siku hiyo habari ilikuwa imeshafika Roret. Na hapo ndipo kanisa linapoingia. Kwa miaka minne nimesoma Neno kila Jumapili kwa kichwa. Ninazo sura kumi na moja. Waumini walizizoea, na mchungaji aliamini ni mzigo maalumu niliowekewa moyoni. Hata siku niliyopangiwa orodha ya majina katika Nehemia, niliwaambia naelekezwa Zaburi ya ishirini na tatu, nao wakasema amina kwa shukrani ya kweli. Lakini Jumapili baada ya Ayoo, nilipofungua Biblia, msichana wa kwaya, Chepchirchir, alinijia mbele ya watu wote akaninong'oneza, "Babu, nikusaidie kupata ukurasa?" Alinong'oneza kwa sauti iliyofika mlangoni.

5. Mwaliko.

Barua yako Rael alinisomea mara mbili, mara ya pili bila kuombwa. Unanialika Jumamosi, tarehe 3 Agosti, nipande kile kilima kilicho juu ya Londiani, nikishika kamba pamoja na vipofu wengine, na kama moyo utachoka, kikapu kipo.

Jibu langu ni kwamba mzee wa miaka sabini na saba aliyekaribia kufa anapaswa kukaa nyumbani, ili kifo kisipate taabu ya kuulizia njia. Ikiwa wagonjwa nao wataanza kukosekana nyumbani kama wasiojiweza, wachungaji watamtembelea nani? Nani atasomewa, na chai ya wageni itapikwa kwa sababu gani? Kesho wajane watataka kuogelea. Mwishowe hata marehemu watakataa kulala, wakidai nao wana haki ya kutembea.

Kwa hiyo naomba kikundi kivunjwe. Kama hakivunjiki, basi wanachama wawe majumbani mwao kuanzia tarehe 20 hadi 30 Desemba, wakiwa na nyuso zinazofaa. Obure azibe matundu yake. Na yeyote aliyefika kileleni akishuka asisimulie, hasa asimsimulie Rael. Na kama serikali ina uwezo, kilima chenyewe kipunguzwe.

6. Unanishukuru.

Hili ndilo lililonifanya nikae kwenye kiti hiki tangu asubuhi, na yote ya juu ningeweza kuyasamehe.

Nimeambiwa kwamba kila mkutano unasimama kwa magongo yako na kusimulia mwaka wa 1966, darasa la saba lilipopelekwa kwa lori kupanda kilima hicho hicho. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na mguu uliokaushwa na polio, ukabaki kwenye lori kulinda mikoba ya wenzako thelathini na wanne. Unasema mwalimu mkuu, yaani mimi, alikuja akakueleza kwamba mkaguzi wa shule amekataza usipande, na kwamba machozi yalikuwa yakimtoka. Unasema hukumchukia mtu, kwa sababu uliona jinsi mwalimu wako alivyoumia. Unasema kikundi hiki kilizaliwa siku hiyo, kutokana na machozi hayo.

Na katika mwaliko umeandika, "Mwalimu, siku ile kama uamuzi ungekuwa wako, ungenipeleka. Sasa uamuzi ni wangu, na nitakupeleka." Rael alipofika hapo alilia. Mimi niliomba chai.

Nalalamika rasmi. Kwa miaka thelathini nimekuwa nikisalimiwa na mama yako sokoni kama mtu aliyemtendea wema. Amenitumia maziwa. Mtoto wako wa kwanza amepewa jina langu la ubatizo, na mimi nilikwenda kwenye sherehe, nikala. Mtu anaweza kubeba lawama mpaka kaburini, maana lawama ina mpini. Shukrani haina pa kushika. Nakuomba uache.

Nisalimie Nyanchoka na wote wanaombeba. Msalimu Kiplimo, na umwambie chifu bado anamtafuta. Mfikishie salamu fundi Obure, na Ayoo pia, ingawa hastahili. Mama yako mpe mkono wangu kwa heshima. Wasalimu mkeo, watoto, na yeyote mwingine aliyeko nyumbani, kama yupo.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa mujibu wa cheo,

Mwl. Jeremia arap Tanui,
Mwenyekiti, Mfuko wa Wasiojiweza.

Baada ya sahihi:

Nitakuja. Rael ameshatoa sweta mbili na gambuti zangu, na amesema kama siendi yeye atakwenda na wewe. Niweke kwenye kamba nyuma ya Ayoo, nisikie anavyokanyaga. Malalamiko ya kwanza hadi ya tano yafute, na barua hii usiipeleke kwa mkuu wa tarafa, ambaye nimemtumia nakala. Nitamwandikia airudishe.

La sita lisifutwe. Kabla hujanishika mkono pale chini, lazima ujue ni mkono wa nani, na ukishajua, ukiamua nibaki garini nilinde mikoba, nitailinda, na sitamwambia mtu yeyote sababu.

Machozi uliyoyaona yalikuwa vumbi la lori. Mkaguzi hakukataza, Bethwel. Hakujua hata kama tulitoka shuleni. Shule jirani ilikuwa imeshaanza kupanda, na mimi niliona utatuchelewesha.